UZI: Nyumba unayoishi mwenyewe Mombasa, nafuu za ushuru na kinga za sheria ambazo wengi hawazidai

#1 Mkaazi wa Tudor

Salaam kwenu nyote. Kila mwezi wa sita jiji zima linatafuta nywila za iTax, mtandao wa KRA (Mamlaka ya Ushuru ya Kenya), na mimi ambaye kazi yangu ni uhasibu hukaa na majirani nikiwasaidia kujaza ritani. Kila mwaka naliona jambo moja linaloniuma. Mtu ana mkopo wa nyumba, riba anakatwa bila kukosa, lakini kwenye ritani yake hakuna hata dalili kwamba ana nyumba. Mwingine ameuza nyumba aliyolelea watoto wake, dalali akamwambia atoe asilimia 15 ya faida, akaitoa wakati sheria haikumdai. Pesa hiyo ingesomesha mtoto. Ndiyo maana nafungua uzi huu, na mawakili waliomo humu watuongezee.

Nianze na riba. Sheria ya Ushuru wa Mapato inakuruhusu kuitoa riba ya mkopo wa nyumba kwenye mapato yako kabla hujatozwa ushuru. Kiwango cha juu kilikuwa shilingi 150,000 kwa mwaka, kikapanda hadi 300,000 kuanzia 2017, na tangu tarehe 27 Desemba 2024 ni 360,000 kwa mwaka, sawa na 30,000 kwa mwezi. Hizo 30,000 hulipwi na KRA. Zinaondolewa kwenye mapato yanayotozwa. Ukiwa kwenye daraja la asilimia 30, kinachobaki mfukoni mwako ni 9,000 kila mwezi, au 108,000 kwa mwaka.

Nafuu hiyo ni ya nyumba moja tu, na lazima uishi humo wewe mwenyewe. Mkopo uwe wa kununua au kuboresha nyumba, na Sheria ya Fedha ya 2025 imeongeza ujenzi. Anayekukopesha awe kwenye orodha ya Jedwali la Nne la Sheria ya Ushuru wa Mapato, ambako benki na kampuni za bima zimo. Deni la rafiki au la chama cha mtaa halihesabiki.

Chukua mfano wa mkopo wa milioni 3 kwa riba ya asilimia 9.5. Mwaka wa kwanza riba yake ni karibu 280,000, na yote inaingia. Mkopo wa milioni 6 kwa asilimia 14 una riba inayopita 800,000 mwaka huo wa kwanza, lakini utaondolewa 360,000 tu. Miaka ya mwanzo ndiyo yenye riba nyingi, kwa hiyo anayechelewa kudai anapoteza ile miaka iliyo minono.

La pili ni siku ya kuuza. Ushuru wa faida ya mtaji ulirudishwa Januari 2015 kwa asilimia 5, na tangu Januari 2023 ni asilimia 15. Muuzaji ndiye anayeulipa. Tuseme ulinunua nyumba kwa milioni 4, gharama za kununua na kuuza zikafika 300,000, ukaiuza kwa milioni 9. Faida ni milioni 4.7 na ushuru wake ni 705,000. Lakini kama ni makazi yako binafsi na umeishi humo miaka mitatu mfululizo kabla ya kuhamisha umiliki, sheria inakusamehe yote. Neno la kushika hapo ni mfululizo. Ukihama ukaipangisha mwaka mmoja ndipo uuze, kinga hiyo imekutoka.

La tatu watu hawalioni kwa kuwa halina karatasi: nyumba unayokaa mwenyewe haikuletei ushuru wa mapato ya kupangisha. Jirani yako mwenye nyumba ya kupangisha, akipokea kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, anatoa asilimia 7.5 ya kodi yote anayopokea, bila kuondoa gharama. Wewe ungepanga nyumba kama yako ungelipa kodi kwa mshahara uliokwisha kukatwa ushuru.

Karibuni.

#2 Kijana wa Likoni

Ahsante sana kaka. Mimi naajiriwa upande wa bandarini, na mkopo wangu ni wa tangu 2022. Sijawahi kudai. Naanzia wapi, na miaka iliyopita imeshapotea?

#3 Mkaazi wa Tudor

Haijapotea ndugu yangu. Nenda benki uombe cheti cha riba cha kila mwaka. Kinaonyesha riba uliyolipa peke yake, mbali na deni la msingi. Mpelekee mwajiri nakala ili kuanzia sasa akuondolee kila mwezi kwenye hesabu ya PAYE, ule ushuru unaokatwa kwenye mshahara, kisha mwisho wa mwaka hakikisha P9, fomu ya mwajiri ya mshahara na makato yako, inaonyesha kiasi hicho.

Kwa miaka ya nyuma, sheria ya taratibu za ushuru inakuruhusu kurekebisha ritani za ndani ya miaka mitano. Unaifungua ritani ya mwaka husika kwenye iTax, unaingiza riba pamoja na maelezo ya mkopeshaji, kisha ile tofauti unaiombea marejesho. Kumbuka kiwango cha mwaka husika. Kwa 2022 na 2023 kikomo chako ni 300,000, hicho cha 360,000 hakirudi nyuma. Marejesho huchukua muda na utaulizwa karatasi, kwa hiyo weka mkataba wa mkopo, vyeti vya riba na nakala ya hati pamoja.

#4 Bi Mkubwa wa Kibokoni

Wanangu, mwasema mambo mazuri lakini mwasemea watu wenye hati. Mimi nyumba yangu ni ya marehemu baba, naikaa tangu utotoni, lakini ardhi si yetu. Kila mwezi twalipa kodi ya ardhi kwa mwenye kiwanja. Nusu ya mtaa ni hivyo. Majengo ni hivyo, Kisauni na Likoni kwengi ni hivyo. Sisi twapata nini kwenye hayo mliyoyaandika?

#5 Wakili wa Mtaa

Shikamoo Bi Mkubwa. Umeligusa jambo ambalo makala za mikopo ya nyumba zinazoandikwa Nairobi hazilitaji kamwe.

Nyumba bila ardhi ni mtindo wa Pwani wenye mizizi mirefu. Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 ilitaka watu wa ukanda wa pwani wajitokeze kudai ardhi zao mbele ya msajili. Waliodai wakapewa hati, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Serikali ya Kikoloni. Wengi waliokuwa wakikaa juu ya ardhi hizo wakabaki na kuta na paa, ardhi ikawa na jina la mtu mwingine.

Nikujibu wazi. Nafuu ya riba huipati, kwa sababu benki haina hati ya kusajilia dhamana, kwa hiyo mkopo wa nyumba wenyewe haupo. Kinga zako ni za aina nyingine. Nyumba ni mali yako, yaweza kurithiwa na kuuzwa, na mahakama za hapa Pwani zimezoea kuitenganisha na ardhi. Nguvu yako iko kwenye karatasi ndogondogo: risiti za kodi ya ardhi, mkataba na mwenye kiwanja hata kama ni wa mkono, na hukumu ya mirathi inayoonyesha nyumba ilikufikiaje. Risiti moja ya zamani yenye jina la baba yako ina thamani kubwa, itunze. Na hata mtu akiitwa mvamizi kwenye ardhi ya mtu binafsi, Sheria ya Ardhi baada ya marekebisho ya 2016 inataka apewe notisi ya maandishi ya si chini ya miezi mitatu kabla ya kuondolewa. Wewe mwenye risiti una hoja zaidi ya huyo.

Kama mwenye ardhi yuko tayari kuuza, mtaa mkiungana mkainunua ardhi kwake, kila mmoja akakatiwa sehemu yake na serveya, hapo ndipo mnaingia kwenye mambo ya #1. Ni kazi ndefu, lakini ndiyo njia ninayowashauri wateja wangu.

#6 Bi Mkubwa wa Kibokoni

Marahaba mwanangu. Risiti ninazo kwenye sanduku la mama. Nitazitafutia mahali pakavu.

#7 Bahari Mbili

Niko Doha. Nimejenga Bamburi, nyumba imekwisha, wazazi wanakaa humo. Kila Idi nakuja wiki kadhaa. Je, hiyo ni makazi yangu binafsi?

#8 Mkaazi wa Tudor

Ndugu, kwa ushuru wa faida ya mtaji sheria inasema mwenye nyumba ndiye awe ameishi humo, na miaka mitatu iwe mfululizo. Wazazi kukaa ni baraka, lakini hakukuhesabii wewe. Ukiiuza leo, jitayarishe kwa asilimia 15 ya faida. Hata ukiwahamishia wazazi wenyewe, msamaha wa uhamisho wa kifamilia umetaja wanandoa na watoto, kwa hiyo usiutegemee bila kumuuliza wakili.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa Ghuba hawaambiwi. Kwa sheria yetu, mtu mwenye makao ya kudumu Kenya akifika nchini kwa kipindi chochote ndani ya mwaka, anahesabiwa mkaazi wa ushuru kwa mwaka huo. Hahitaji zile siku 183 za kukaa nchini. Na mkaazi hutozwa ushuru wa mshahara wa kazi aliyoifanya ndani na nje ya Kenya. Qatar hawakukati ushuru wa mshahara, kwa hiyo huna ushuru wa kule wa kukupunguzia ule wa huku. Kabla hujaandika popote kwamba Bamburi ndiyo makao yako ya kudumu, kaa na mhasibu mkatazame mwaka wako wote. Nyumba hiyo hiyo inayompa jirani yako nafuu, wewe yaweza kukuingiza kwenye ritani kubwa zaidi.

#9 Bahari Mbili

Hilo sikulijua kabisa. Nitatafuta mhasibu kabla ya Idi ijayo.

#10 Mama wa Changamwe

Naomba kuuliza upande wa sheria. Nyumba tunayoishi ina jina la mume wangu peke yake. Nimesikia amezungumza na benki kuiweka rehani kwa biashara ya matatu. Mimi nina sauti?

#11 Wakili wa Mtaa

Unayo dada, na ni kubwa. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema kwenye ndoa ya mke mmoja, mali ya ndoa haiuzwi, haitolewi zawadi, haipangishwi wala haiwekwi rehani bila idhini ya wote wawili. Sheria ya Ardhi nayo, kifungu cha 79, inasema rehani juu ya nyumba ya ndoa ni halali tu kama mke au mume anayeishi humo ameitia saini au kuna ushahidi kwamba ameridhia. Benki makini zitakuita. Usitie saini karatasi usiyoisoma, na usikubali kusainishwa nyumbani jioni kwa haraka. Nenda kwa wakili wako wewe, si wa benki wala wa mume. Ukiona mambo yanakwenda bila wewe, unaweza kwenda kwa msajili wa ardhi kuomba zuio liandikwe kwenye rejista.

Na deni likishindikana, nyumba haiendi mnada kesho yake. Kuna notisi ya miezi mitatu ya kulipa, kisha notisi ya siku 40 ya kusudio la kuuza, ambayo mke au mume aliyeridhia rehani naye lazima apelekewe, kisha dalali wa mnada atoe siku zake 45. Mkopeshaji ana wajibu wa kutafuta bei nzuri. Bei ikiwa chini ya ile ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inachukulia kwamba wajibu huo umevunjwa mpaka yeye athibitishe vingine. Familia nyingi huzipoteza siku hizo zote kwa aibu, notisi zikikaa kwenye droo. Siku hizo ni zenu. Zitumieni kuzungumza na benki, au kutafuta mnunuzi wenu wenyewe kwa bei ya heshima.

Mkitengana, Mungu aepushie, msitarajie nusu kwa nusu moja kwa moja. Mahakama ya Juu Januari 2023 iliamua kwamba usawa wa wanandoa katika Katiba haumaanishi kugawana nusu kila mara. Kila mtu anaonyesha mchango wake. Lakini mchango si pesa peke yake. Kazi za nyumbani, kulea watoto na kusimamia mali vimo ndani ya sheria.

#12 Mswalihina

Kaka Wakili, hapa Mombasa wengi wetu ni Waislamu. Sheria hiyo yatuhusu? Na pili, mimi riba siitaki kabisa, si kuilipa wala kuidai. Nimeacha benki za kawaida kwa sababu hiyo. Basi hiyo nafuu yote imenipita?

#13 Wakili wa Mtaa

Ami, kifungu cha 3 cha Sheria ya Mali ya Ndoa kinasema anayefuata dini ya Kiislamu anaweza kuongozwa na sheria ya Kiislamu katika mambo yote ya mali ya ndoa. Na Mahakama ya Kadhi, kwa kifungu cha 170 cha Katiba, inasikiza ndoa, talaka na mirathi pale pande zote ni Waislamu na zimekubali kwenda mbele yake. Idhini ya rehani chini ya Sheria ya Ardhi benki itaitaka kwa kila mtu, Muislamu na asiye Muislamu.

Kuhusu riba namwachia mhasibu.

#14 Mkaazi wa Tudor

Msimamo wako nauheshimu ami. Benki za Kiislamu kama Gulf African hununua nyumba pamoja nawe kwa ubia unaopungua: kila mwezi unalipia matumizi ya sehemu ya benki na unanunua kipande kingine cha sehemu hiyo, mpaka nyumba yote iwe yako. Kabla hujasaini, itake benki iandike kwa barua jinsi sehemu yake ya faida itakavyoonyeshwa kwenye cheti cha mwisho wa mwaka, kisha uipeleke barua hiyo KRA upate jibu la maandishi. Ni haki yako kuuliza mapema.

Na nafuu haijakupita yote. Msamaha wa siku ya kuuza hauulizi ulinunuaje. Aliyejenga kidogokidogo kwa pesa yake, kokoto leo na mabati mwakani, akaishi humo miaka yake mitatu, anasamehewa sawa na mwenye mkopo. Kwa macho yangu huo ndio mkubwa kuliko yote, na ni wa kila mtu.

#15 Muuza Nazi Kongowea

Mimi napinga kidogo. Haya makato ya riba ni ya wenye mshahara. Mimi nauza sokoni, nalipa ule ushuru wa asilimia 3 ya mauzo. Nimechukua mkopo wa nyumba kwa jasho langu, na nikauliza nikaambiwa hakuna cha kukatwa. Ni haki hiyo? Aliyeajiriwa ofisini anapata 9,000 kwa mwezi, mimi ninayeamka saa tisa usiku sipati kitu.

#16 Mkaazi wa Tudor

Malalamiko yako ni ya kweli, na nakuunga mkono. Ushuru huo wa mauzo, kwa biashara ya kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka, unatozwa kwenye mauzo ghafi. Hauruhusu kuondoa chochote, si mtaji, si usafiri, si riba ya nyumba. Wabunge walipopandisha kiwango hadi 360,000 wangemfikiria pia mfanyabiashara mdogo.

Ila una njia. Sheria inakuruhusu kuiandikia KRA kwamba hutaki ushuru wa mauzo, ukaingia kwenye utaratibu wa kawaida ambako unatozwa faida. Huko riba ya nyumba yako inaingia. Lakini lazima uweke vitabu: risiti za manunuzi, usafiri, kodi ya kibanda. Kwa muuza nazi ambaye faida yake ni ndogo kwenye mauzo makubwa, mara nyingi hesabu hugeuka ikawa upande wake. Nitumie mauzo na manunuzi yako kwa ujumbe wa faragha, nitakupigia hesabu zote mbili bila malipo.

#17 Muuza Nazi Kongowea

Mungu akulipe. Natuma leo jioni.

#18 Mpangaji wa Nyali

Nimewasoma wote. Nataka kununua fleti Nyali lakini naogopa, maana siku hizi hata mwenye hati ananyang'anywa.

#19 Wakili wa Mtaa

Una sababu ya kuogopa, na kesi inayopaswa kusomwa na kila mnunuzi ilianzia huko huko Nyali. Ni ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu Aprili 2023. Kiwanja cha ufukweni kilitolewa mwaka 1989 kwa Rais wa wakati huo, Daniel arap Moi, kikauzwa mpaka kikafikia kampuni hiyo. Kaunti ikasema ni ardhi ya umma yenye njia ya kwenda baharini. Mahakama ikaamua kwamba kama ardhi ilitolewa kinyume cha taratibu tangu mwanzo, hati ya mnunuzi wa baadaye haimkingi. Ni lazima mnunuzi achimbe mpaka kwenye mzizi wa hati.

Kwa hiyo upekuzi wa siku moja kwa msajili hautoshi. Mwambie wakili wako afuate ardhi tangu ilipotolewa mara ya kwanza, atazame ramani ya upimaji, aulize kaunti kama kipande hicho kilitengwa kwa barabara au uwanja. Kwa fleti, hakikisha jengo limesajiliwa chini ya Sheria ya Mali za Vitengo ya 2020 ili upate hati ya fleti yako yenyewe, na usome kanuni za shirika la wamiliki kabla ya kutoa amana. Nyongeza ya gharama: ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4 ya thamani, unalipa wewe mnunuzi. Anayenunua nyumba ya kwanza chini ya mpango wa nyumba za bei nafuu anasamehewa.

#20 Kijana wa Likoni

Swali la mwisho kwa Mkaazi wa Tudor. Hiyo miaka mitatu mfululizo, nitaithibitishaje nikiulizwa?

#21 Mkaazi wa Tudor

Anza leo, usingoje siku ya kuuza. Mita ya stima iwe kwa jina lako, na akaunti ya maji pia. Mwajiri na benki wawe na anwani ya nyumba hiyo. Risiti za kaunti za ada ya ardhi zilipwe kila mwaka na zihifadhiwe, maana bila cheti cha kaunti kwamba hudaiwi, uhamisho hautapita hata kama umesamehewa ushuru. Barua ya chifu husaidia lakini isiwe peke yake. Na siku ya kuuza usinyamaze ukidhani msamaha unajileta. Ingia iTax, tangaza uhamisho, chagua kipengele cha msamaha wa makazi binafsi na uambatanishe ushahidi. Dalali akikwambia lipa kwanza utarudishiwa, mpeleke kwa wakili wako.

Na kama mwenye nyumba akifariki, warithi wasikae na hati miaka na mikaka. Uhamisho wa kugawa mirathi una msamaha wa ushuru wa faida ukikamilika ndani ya miaka miwili tangu kifo, au muda ambao Kamishna wa KRA ameongeza kwa maandishi. Nyumba nyingi za hapa mjini bado zina majina ya mababu. Fungueni faili kwa Kadhi au Mahakama Kuu mapema, hata kama ndugu wote mnaelewana.